UZI: Watunzi bora wa nyimbo, na kinachowafanya wawe bora (tuache umaarufu, tuangalie kazi)

#1 GitaaKavu, Kisumu

Hamjambo wadau. Kila tukijadili watunzi bora tunaishia kutaja waimbaji bora. Hizo ni kazi mbili, hata kama mara nyingine zinafanywa na mtu mmoja. Nataka hapa tuongee juu ya anayekaa na maneno na tuni mpaka vikakubaliana.

Chukua "Shauri Yako". Ikipigwa Kondele, hapa Kisumu, ukiuliza ni ya nani utaambiwa Super Mazembe. Mazembe waliipiga vizuri mno, lakini aliyeitunga ni Nguashi Ntimbo, wa Orchestra Festival du Zaire. Au chukua "Mabele" ya OK Jazz, bendi ya Kongo. Wengi wanamkumbuka Sam Mangwana aliyeiimba 1974. Mtunzi ni Simaro Lutumba, mpiga gitaa ambaye kwa kawaida hakuimba kabisa. Aliandika kisha akachagua sauti inayofaa: "Mabele" akampa Mangwana, na miaka 10 baadaye, 1984, "Maya" akampa Carlyto. Huyo ni mtunzi kamili. Anajua koo la kila mwimbaji jinsi fundi anavyojua mbao zake.

Kipimo changu ni hiki. Ondoa ngoma, ondoa besi, ondoa kinanda, acha gitaa moja kavu au hata makofi tu. Mpe mtu mwingine aimbe, asiye na sauti nzuri. Wimbo ukibaki umesimama, sifa ni za mtunzi. Ukianguka, sifa zilikuwa za prodyusa au za mwimbaji, na si vibaya, ila tusimpe mtunzi taji lisilo lake.

"Malaika" inapita kipimo hicho kila mara. Fadhili William aliirekodi kwanza na Jambo Boys, ingawa Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuwa yeye ndiye aliyeitunga, na ubishi huo haujaisha. Miriam Makeba akaiimba, Boney M wakaiimba, vikundi vya hoteli vinaiimba, na kila mara inabaki "Malaika". Angalia ilivyojengwa. Mwimbaji halalamiki umaskini kwa ujumla. Anataja jambo moja tu: anataka kuoa na hana mali ya kuolea. Basi. Kila mtu anayesikia anajua mahari ni nini, kwa hiyo wimbo hauhitaji maelezo zaidi.

Leteni watunzi wenu, lakini mwonyeshe kazi yao. "Ni mkali sana" haitoshi.

#2 MwalimuWaKwaya, Nakuru

Uzi mzuri, ndugu GitaaKavu. Mimi nitaingia na jambo linalowaangusha watunzi wengi wa Kiswahili, wakubwa kwa wadogo: mkazo.

Kiswahili hakina toni kama Kikuyu au Dholuo, kwa hiyo tuni inaweza kupanda na kushuka bila kubadilisha maana. Huo ni uhuru mkubwa. Lakini mkazo wa neno uko karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo hakuna uhuru. Pigo zito la ngoma likiangukia silabi isiyo na mkazo, msikilizaji anasikia neno limevunjika hata kama hawezi kueleza kwa nini. Anakuwa kama anamsikia mgeni akijifunza lugha.

Kosa linaloonekana zaidi ni hili. Mtunzi anatunga mstari wenye neno "nyumba", mkazo uko kwenye NYU. Ubeti wa pili anataka "nyumbani". Anaweka juu ya tuni ile ile. Kumbe akishaongeza -ni, mkazo umehama: nyu-MBA-ni. Tuni bado inapiga NYU. Neno linaharibika. Vivyo hivyo leta na leteni, penda na pendana, pendeza na pendezesha. Kila kiambishi cha mwisho kinachoongeza silabi kinauhamisha mkazo hatua moja. Kiambishi cha mbele hakiugusi: penda, napenda, nakupenda, nitakupenda, mkazo ni PE kote. Kwa hiyo ukitaka kujaza nafasi kwenye mstari, ongeza mbele ya neno, usiongeze nyuma.

Pili, herufi m. Katika "mpenzi" kuna silabi tatu, m-pe-nzi, si mbili. Ile m ni silabi kamili na inadai noti yake, japo fupi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za mapenzi zinasikika zimebanwa: mtunzi amehesabu mbili, mwimbaji anatoa tatu. M-toto, m-ke, m-tu ni hivyo hivyo. Lakini mba-li na mwe-zi ni mbili tu, kwa sababu m imeshikana na b au w. (Mbu na mbwa hufuata sheria yao, m inasimama peke yake.)

Njia ya kukagua haihitaji chombo. Andika mstari, ukate kwa silabi, piga mstari chini ya kila silabi yenye mkazo. Kisha piga makofi manne taratibu ukisoma. Silabi zenye mkazo zikianguka kwenye makofi, au angalau lile neno kuu likianguka, uko salama. Zikianguka katikati ya makofi, badilisha neno, usimlazimishe mwimbaji.

Les Wanyika na "Sina Makosa" ni mfano wa shule. SI-na ma-KO-sa. Silabi tano, maneno mawili, mkazo wazi, na maana yote ya wimbo imo humo. Jina la wimbo likikaa hivyo mdomoni, nusu ya kazi imekwisha.

#3 Sauti_ya_Milimani, Nakuru

Sawa, lakini mbona tunazunguka Afrika Mashariki tu? Bob Dylan alipewa Nobel ya Fasihi 2016. Lennon na McCartney wa The Beatles je? Motown, ile kampuni ya rekodi ya Marekani, je?

#4 GitaaKavu, Kisumu

Karibu uwalete, hakuna aliyewafungia mlango. Ila Nobel ya Dylan ni ya maneno. Hapa tunapima maneno na tuni vikiwa pamoja, na kwa kipimo hicho mimi namweka Dolly Parton mbele. Sikiliza kiitikio cha "Jolene": jina la mtu, mara nne mfululizo. Jina moja likirudiwa bila kubadilika lingechosha. Yeye anabadilisha noti kila mara, na la nne analivuta, kwa hiyo neno lile lile linageuka kutoka kuita hadi kusihi. Hakuongeza neno hata moja. Tuni ndiyo iliyobeba maana iliyozidi.

Motown nitawataja kwa kifupi: Holland, Dozier na Holland waliandika nyimbo 10 kati ya 12 za The Supremes zilizofika nambari moja Marekani. Siri yao haikuwa mafumbo, ilikuwa kuwahi. Kile kitu cha kunasa sikio hakingoji dakika ya pili.

#5 Omutibo_254, Kakamega

Mulembe wadau. Mkizungumzia gitaa kavu bila George Mukabi mtakuwa mmeruka msingi.

Mukabi alikuwa mtu wa Kisa, hapa Kakamega, akafa 1963 akiwa bado kijana. Upigaji wake yeye mwenyewe aliuita omutibo. Kidole gumba kinatembeza besi kwenye nyuzi nene bila kusimama, kidole cha shahada kinacheza tuni kwenye nyuzi nyembamba, na pembeni kuna chupa ya Fanta yenye mikunjo ikikwaruzwa kushika mwendo. Watu wawili au watatu wanatosha kuwa bendi. "Sengula Nakupenda" imejengwa hivyo.

Kwa utunzi, funzo ni hili: gitaa la omutibo halisindikizi sauti, linajibizana nayo. Mwimbaji akimaliza mstari, gitaa linarudia tuni ya mstari huo au linaimalizia. Kwa hiyo mtunzi analazimika kuacha nafasi. Mstari wa maneno unachukua karibu nusu ya mzunguko, nusu nyingine ni ya gitaa. Wanaotunga leo juu ya biti iliyopakuliwa wanajaza kila pengo kwa maneno, halafu wanashangaa wimbo hauna pumzi. Ukiona huna pa kupumua ukiimba, jua msikilizaji naye hana pa kufikiria.

Daudi Kabaka alikuja na mtindo wa twist lakini nidhamu hiyo ya nafasi unaisikia kwake pia. Na angalia "Helule Helule" yake: 1968 The Tremeloes wa Uingereza waliiimba, watu wasiojua lugha zetu hata kidogo, na ikawa wimbo uliovuma kwao. Kwa nini iliwezekana? He-lu-le. Kila silabi inaishia kwa irabu, hakuna konsonanti mbili zinazogongana, unaweza kuvuta noti ya mwisho uwezavyo. Kiswahili na Kiluhya vimejaa utajiri huo. Mwingereza akitaka kuvuta noti lazima atafute neno lenye mwisho wazi, sisi tunayo kila mahali.

Gabriel Omolo naye asisahaulike. "Lunchtime" ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 inaeleza tu jinsi wafanyakazi wa mjini wanavyopitisha saa ya chakula, kila mtu kulingana na mfuko wake. Hakuna hotuba ndani. Msikilizaji anajiona mwenyewe, basi.

#6 NyuziNane, Siaya

Mwalimu amesema vizuri kuhusu mkazo. Kwa Dholuo mambo ni magumu zaidi, na ndiyo maana nawaheshimu sana watunzi wa benga, muziki wetu wa gitaa wa Wajaluo.

Dholuo ni lugha ya toni. Neno likipanda pale linapopaswa kushuka, linaweza kuwa neno jingine. Kwa hiyo mtunzi wa Dholuo hawezi kuokota tuni popote na kumwaga maneno juu yake. Kwa kawaida anaanza na sentensi, anaisema kwa sauti mara kadhaa, anasikiliza inapanda wapi na kushuka wapi, kisha tuni inafuata umbo hilo. Gitaa la solo linafuata sauti ya mwimbaji, na ndiyo sababu watu husema gitaa la benga "linaongea". Linanakili toni za maneno, hivyo anayejua wimbo anaweza kuyasikia maneno hata mwimbaji akinyamaza. Pia ndiyo sababu ukitafsiri wimbo wa benga kwa Kiswahili ukaacha tuni ile ile, unabaki na mfupa bila nyama.

Umbo lenyewe lilitokana pia na sahani za santuri. Ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa sehemu mbili. Upande wa kwanza beti na kisa, wa pili gitaa linapanda na watu wanacheza. Mtunzi alijua kisa lazima kiwe kimefika mahali kabla ya sahani kugeuzwa.

D. O. Misiani wa Shirati Jazz ndiye kipimo changu. Alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, 1940, akafa kwa ajali ya barabarani Kisumu 2006. Alisema mambo ya wakubwa kwa kutumia wanyama na hadithi za Biblia. Fumbo la kweli lina tabaka mbili, na ile ya juu lazima isimame yenyewe. Asiyejua siasa anasikia kisa kizima cha mnyama, kina mwanzo na mwisho. Anayejua anasikia kingine. Watunzi wanaoiga wanakosea hapa: wanaandika mnyama ambaye hafanyi kitu cha mnyama, anatoa hotuba tu. Hilo si fumbo, ni barakoa, na kila mtu anaona uso nyuma yake.

Halafu kuna pakruok. Katika ohangla, ngoma ya Wajaluo, na nyatiti, kinubi chetu, msikilizaji anaweza kusimamisha wimbo, alipe, ajisifu, amsifu rafiki yake, kisha muziki uendelee. Mtunzi lazima ajenge mzunguko mfupi unaoweza kukatwa popote na kuanza tena bila watu kupotea. Kinachorudiwa hapo si uvivu. Ni mlango ulioachwa wazi kwa wanaosikiliza. Na mpiga nyatiti anayafanya haya akiwa na nyuzi nane mkononi, pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu ikigonga ukingo wa chombo, na njuga mguuni. Ayub Ogada alichukua chombo hicho na maneno machache sana, "Kothbiro", yaani mvua yaja, ikaingia kwenye albamu yake ya 1993 na baadaye kwenye filamu The Constant Gardener ya 2005. Watu wasiojua neno lolote la Dholuo wanatulia wakiisikia.

#7 BintiWaMenengai, Nakuru

Shikamoo walimu. Nimefuata maelezo ya Mwalimu, nimekata silabi, lakini kiitikio bado kinakwama na sijui ni wapi. Mwendo ni mapigo manne kwa mstari. Naombeni mnirekebishie bila kunionea huruma.

Nakungoja kwenye steji,
Nakungoja hapo stejini,
Gari la mwisho limeondoka na matumaini yangu yote kwako.

#8 MwalimuWaKwaya, Nakuru

Marahaba binti. Mstari wa kwanza ni mzuri, usiuguse. Na-ku-NGO-ja KWE-nye STE-ji. Silabi nane, mbili kwa kila pigo, mikazo iko ya tatu, ya tano na ya saba. Hapo ndipo mapigo yako yanapoanguka. (Ste tunaihesabu moja.)

Mstari wa pili una silabi tisa, hilo ni dogo, ungeweza kulimeza. Tatizo kubwa ni stejini. Mkazo umehama kwenda ste-JI-ni, na JI imeangukia silabi ya nane, kati ya pigo na pigo. Tuni yako inakulazimisha uimbe STE-jini, kama mtu asiyejua Kiswahili. Ndipo unapokwama. Unahitaji JI iwe ya saba, kwa hiyo mbele ya neno hilo ziwe silabi tano tu. Jaribu: Nimebaki tu stejini. Ni-me-BA-ki TU ste-JI-ni. Nane kamili, na mikazo imerudi kwenye tatu, tano na saba. Zaidi ya hayo umeondoa kurudia "nakungoja", sasa kuna hatua mpya kwenye kisa. Alikuwa anangoja, sasa amebaki.

Mstari wa tatu una silabi 22. Nafasi uliyonayo ukitumia mistari miwili ni 16. Hakuna mwimbaji atakayekuokoa hapo. Na "matumaini yangu yote" ni maneno ambayo nyimbo elfu zimeshayatumia, hayaonyeshi kitu. Tupa. Umeshataja gari, basi baki na gari. Tazama ndani yake kuna nini. Viti.

Nakungoja kwenye steji,
Nimebaki tu stejini,
Gari letu limejaa,
Kiti chako kiko wazi.

KI-ti CHA-ko KI-ko WA-zi. Kila pigo lina mkazo wake. Mstari wa namna hiyo ukiupata, uweke mwisho wa kiitikio, kwa sababu ndio utakaobaki kichwani.

#9 Omutibo_254, Kakamega

Mwalimu, kwa heshima, kuna tundu. Gari likijaa haliwezi kuwa na kiti wazi. Hapa kwetu kila mtu amepanda matatu, atalisikia kosa hilo kabla ya kusikia huzuni. Mstari wa tatu uwe: Gari letu laondoka. GA-ri LE-tu la-o-NDO-ka. Bado nane, na NDO iko ya saba.

#10 NyuziNane, Siaya

Kuna tundu jingine. Mstari wa pili anasema amebaki stejini. Kama amebaki, basi hata kiti chake yeye hakina mtu. Vipo viwili vitupu, si kimoja.

Viti vyetu viko wazi.

VI-ti VYE-tu VI-ko WA-zi, mizani hazijabadilika hata moja. Lakini sasa msikilizaji anaelewa, bila kuambiwa, kuwa anayeimba mwenyewe alikataa kupanda. Hicho ndicho Simaro na wenzake walichokuwa wanafanya: jambo zito linasemwa na kitu kidogo kinachoonekana.

#11 BintiWaMenengai, Nakuru

Asanteni sana. "Viti vyetu" imenimaliza. Sasa swali la ufunguo: kiitikio kiko kwenye G na kinanipandia, na rafiki zangu wanaoitikia wanaacha kuimba kwenye "viko wazi". Nibadilishe ufunguo au tuni?

#12 GitaaKavu, Kisumu

Kwanza pima upana. Tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kiitikio. Zikiwa ndani ya oktava moja, tatizo ni ufunguo tu: shusha noti moja moja, F, E, hata D, mpaka wanaoitikia waimbe bila kukaza shingo. Chagua ufunguo kwa ajili ya kiitikio, si kwa ajili ya ubeti. Ubeti unauimba peke yako, kiitikio ni cha watu wote. Upana ukizidi oktava kwa noti tatu au nne, kubadilisha ufunguo hakutasaidia, utaokoa juu upoteze chini. Hapo rekebisha tuni.

Wimbo wetu wa taifa ni darasa kwa hili. Kamati ya 1963 iliuchukua kutoka wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Tuni ya kubembeleza haiwezi kuwa pana, mama anaiimba kwa sauti ya chini, amechoka. Ndiyo sababu mtoto wa darasa la kwanza na mzee wa miaka 80 wanaweza kuuimba pamoja.

Jambo la pili, kwenye "viko wazi" usipande. Neno zito halihitaji noti ya juu. Panda kwenye "laondoka", kisha teremka taratibu kwenye viti.

#13 Sauti_ya_Milimani, Nakuru

Nikiongeza kuhusu maneno kukataa kuja wakati tuni ipo: McCartney alikuwa na tuni nzima ya "Yesterday" kabla ya maneno, akawa anaiimba na maneno ya kuchezea kuhusu mayai ya kuvuruga ili asiisahau. Yale maneno ya kipuuzi yalishika idadi ya silabi na mahali pa mkazo. Neno la kweli lilipokuja lilikuta kiti chake kimehifadhiwa. Kwa Kiswahili fanya hivyo na neno lolote lenye umbo sahihi: kama unahitaji silabi tatu, imba "chapati, chapati" mpaka lije lenyewe. Usitumie la-la-la tupu, maana haionyeshi mkazo uko wapi.

Na rekodi kwenye simu saa ile ile, ukitaja kwa mdomo ufunguo na tarehe mwanzoni. Tuni isiyorekodiwa hubadilika usiku kucha kichwani, na asubuhi unakuta imefanana na wimbo wa mtu mwingine.

#14 KarataNaKalamu, Kisumu

Tarehe hiyo ina faida nyingine, na hili nalisema kwa uzito. Kiitikio hiki sasa kina mikono mitano. Binti, kabla hujaingia studio, kaeni mkubaliane.

Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi "Mbube" 1939 na akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ukazunguka dunia nzima kwa majina mengine. Yeye akafa maskini 1962, na familia yake ilipata makubaliano ya malipo 2006. Upande wa pili mtazame Dolly Parton tena. Alikuwa ametoa "I Will Always Love You" 1974, Elvis akataka kuirekodi, meneja wake akadai nusu ya haki za uchapishaji. Parton alikataa, japo ilimuuma. Whitney Houston alipoiimba 1992, malipo ya utunzi yalimwendea Parton. Na Bob Marley alifanya tofauti kabisa: "No Woman, No Cry" imeandikwa kwa jina la Vincent Ford, rafiki yake wa Trenchtown aliyeendesha jiko la kulisha watu. Jina kwenye karatasi lina nguvu kuliko jina kwenye bango.

Kwa Kenya, haki ya utunzi inaanza pale kazi inapowekwa kwenye umbo linaloshikika, yaani imeandikwa au imerekodiwa. Inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Kuandikisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hakukupi haki, kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaokosekana watu wakigombana. Tenganisheni haki tatu: ya mtunzi, ya anayemiliki rekodi, na ya anayeimba au kupiga. Zinakusanywa na vyama tofauti, kwa hiyo ulizeni KECOBO ni kipi kina leseni mwaka huo kabla ya kujiunga. Rekodi inapewa ISRC, namba yenye jumla ya herufi na tarakimu 12. Utunzi una namba yake nyingine, ISWC. Wengi wana ya kwanza tu na wanadhani wamemaliza.

Karatasi ya mgao iwe ukurasa mmoja: jina la wimbo, tarehe, majina kamili na namba za vitambulisho, nani ameleta maneno, nani tuni, asilimia za kila mtu, na jumla iwe 100, si 110. Prodyusa aliyetengeneza biti muulizeni mapema kama anadai utunzi au amelipwa kazi. Kila mtu atie sahihi na abaki na nakala. Kugawana kabla ya pesa kuonekana huchukua dakika 20. Baada ya hapo huchukua miaka na wakili.

#15 MwalimuWaKwaya, Nakuru

Upande wangu niandike sifuri. Kurekebisha mkazo ni uhariri, si utunzi. Mstari wa kwanza na kisa vyote ni vya binti.

#16 NyuziNane, Siaya

Nami sidai kitu kwa neno "vyetu". Ila naomba jambo moja. Ubeti wa kwanza usitaje gari kabisa. Taja saa, mvua, mzigo, chochote kile, lakini gari litokee mara ya kwanza kwenye kiitikio. Likitokea mapema, viti vitakuwa vimeshaonekana na havitauma.

#17 BintiWaMenengai, Nakuru

Nimeshusha hadi E. Wote wanafika "viko wazi" bila kukaza. Gari nimeliondoa kwenye ubeti, nimeweka mwavuli mmoja na mahindi ya kuchoma yaliyopoa. Karatasi ya mgao nitaileta hapa kesho, Omutibo na GitaaKavu mseme mnadai nini.

#18 Omutibo_254, Kakamega

Mahindi yaliyopoa yaweke mstari wa mwisho wa ubeti, kisha uache mapigo manne ya gitaa tupu kabla ya kiitikio. Mimi sidai.